Waini nyekundu inanikausha ulimi

Shangazi, shikamoo. Kwenye harusi Dodoma nilimiminiwa waini nyekundu isiyo na utamu. Ulimi ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi. Iliharibika, au mimi ndiye mshamba?
Mgeni wa Glasi, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Haikuharibika. Huo ni ukakasi, ndugu wa ule wa bibo la korosho au chai iliyokaa mno kwenye majani. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, maana nyekundu huchachushwa pamoja navyo. Nyeupe hukamuliwa kwanza, ndiyo maana haikubani ulimi. Iliyoharibika mara nyingi utaijua kwa pua: inanuka siki.

Nilipoanza kuhudumu hotelini niliinywa vuguvugu, eti nyekundu haiwekwi kwenye friji. Uongo mtupu kwa joto letu! Iweke nusu saa. Mimina robo glasi, izungushe, inuse, kisha iache mdomoni kidogo kabla ya kumeza. Kula nayo mbuzi choma mwenye mafuta, ukakasi utalainika. Ikikushinda bado, jaribu nyeupe ya Dodoma, ya zabibu za Chenin Blanc, iliyopoa vizuri. Vikombe vya plastiki vya harusini sitaki hata kuvizungumzia.