Kabla Mganga Wako Hajakutana na Bunduki

Hadithi yangu ya kwanza ya njozi iliuawa na swali moja. Nilikuwa nimeandika sura kumi na moja za mzee mmoja mganga, anaishi pangoni, anapambana na kikosi cha askari wenye SMG. Akinuia tu, risasi zinadondoka miguuni pake kama punje za mahindi. Nikampa mdogo wangu asome. Jioni akanirudishia karatasi huku anacheka: "Kaka, huyu mzee anakaa pangoni anafanya nini? Kama risasi hazimwingii, si ashuke akachukue Ikulu?"

Sikuwa na jibu. Nimeandika nyingine kadhaa tangu hapo, mbili zikasomeka, na haya ndiyo niliyookota njiani.

Ijue bunduki kwanza. Wengi wetu tumeijulia kwenye sinema, ambako risasi haziishi. SMG, yaani AK-47, magazini yake ya kawaida inabeba risasi 30. Ukiiachia mfululizo inatema kwa kasi ya risasi kama 600 kwa dakika. Piga hesabu, magazini nzima inakwisha kwa sekunde tatu. Baada ya hapo askari wako kashika rungu la bei ghali. Lakini hizo sekunde tatu ni mbaya. Risasi inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 na ushee kwa sekunde, mara mbili ya sauti. Aliye mita mia moja inampata kabla mlio haujafika sikioni. Sasa mganga wako anayetakiwa kusoma maneno saba na kutema mate kushoto ataanzia wapi? Hata "Bismillahi" haimalizi. Kinga yake lazima iwe ilishafanyika jana: chale, hirizi, zindiko. Hakuna anayezindika nyumba mwizi akiwa sebuleni.

Ukitaka pambano lenye mvutano, mpe askari gobore. Babu yangu alikuwa nalo, la kuwindia. Anamimina baruti mtutuni, anasokota makumbi ya nazi anasukumia ndani, anashindilia kwa fimbo ya chuma, anatia marisao, makumbi tena, anashindilia tena, halafu anapachika fataki kwa vidole vinavyotetemeka kidogo. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na mara nyingi nilifika hamsini. Swala naye anahesabu zake. Na mvua ikilowesha baruti, siku hiyo tunakula mchicha. Ndani ya hiyo hamsini mganga wako ana muda wa kufanya jambo, na wewe una muda wa kumtisha msomaji.

Babu hakuwahi kuiruka bunduki ikiwa imelala chini. Alisema ukiiruka inakosa shabaha. Nilicheka nikiwa mtoto. Siku hizi naona alinipa somo zima la uandishi, maana lililonikosesha jibu kwa mdogo wangu lilikuwa kukosa mwiko. Mganga wangu alikuwa na nguvu bila mwiko wowote. Huyo hata umwekee kifaru mbele, msomaji hana cha kuhofia.

Wenye kulijua hili zaidi yetu wapo kwenye historia yetu wenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Maji yale yalikwenda na masharti. Wapiganaji walikatazwa wasilale na wanawake, wasipore. Vita hivyo vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905, Kinjikitile akanyongwa Agosti 4 mwaka uleule, na tarehe 30 maelfu wakaiendea boma ya Mahenge iliyokuwa na bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha. Walianguka wengi sana. Lakini vita havikuisha siku ile, viliburuzwa mpaka 1907, na sababu mojawapo ni kwamba aliyekufa aliweza kusemwa kuwa alivunja mwiko. Mwandishi wa njozi aliyekaa na hilo kwa wiki moja anapata zaidi ya anachopata kwenye sura kumi za ndimi za moto. Hayo maji hayakuzuia risasi hata moja, ila yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kushika silaha pamoja. Na bunduki nazo hazikumaliza kazi peke yake: Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa wakazidi mbali waliokufa kwa risasi. Ukiandika jeshi la kisasa linashinda, usisahau kuuliza limeshinda kwa kuchoma nini.

Mwiko unaweza hata kuwa ndio unaoua. Alice Lakwena, kiongozi wa waasi Uganda, 1986 na 1987, aliwapaka wapiganaji wake mafuta ya shea, akawakataza wasijifiche nyuma ya mti wala kichuguu. Fikiria umesimama wima, kichuguu kipo hatua mbili, na kukisogelea ni dhambi. Walifika hivyo hivyo mpaka karibu na Jinja kabla ya kuvunjwa. Sijui mbunifu gani angethubutu kutunga sharti kama lile.

Kuhusu mabomu, droni na vitu vya namna hiyo sina la maana la kusema. Mimi navikwepa. Kitu kinachoua mtu asiyeonekana na asiyekuona kinaninyima uso, na bila nyuso mbili zinazotazamana siwezi kuandika.

Mzee wangu wa pangoni nilimrudia mwaka jana. Risasi bado hazimwingii, ila hali chumvi, wala havuki mto. Chemchemi iliyompa kinga iko upande huu. Akivuka ni mtu kama wewe. Askari nimewapunguzia: wako tisa, wana risasi za siku mbili, na gari lao limekwama topeni. Nikampelekea mdogo wangu sura nne za mwanzo. Alisoma zote bila kuinua kichwa, chai ikapoa.

"Na hao askari wakijua habari ya chumvi?"

"Wanajua sura ya tano," nikamwambia. "Mkwewe ndiye mpishi."

Akanyoosha mkono. "Lete hiyo ya tano."