Re: Katoni moja, taarifa ziko kwa nani?
Mkuu, umeuliza katoni yenye chipu ya RFID (inayosomwa kwa mawimbi ya redio) ikishapita kwa mtengenezaji, msafirishaji na ghala, utajuaje nani ana taarifa zake. Chipu yenyewe haibebi historia. Mara nyingi ina namba ya EPC tu (namba ya kipekee ya kitu kimoja kimoja), biti 96. GS1, shirika la viwango vya misimbopau, walileta ONS, huduma ya kutafuta seva kwa namba hiyo, inayotumia DNS ileile inayotafuta anwani za tovuti: namba inageuzwa kuwa jina la kikoa, unaelekezwa kwenye seva. Shida ndiyo hiyo: unapelekwa kwa mwenye chapa, tena kwa aina ya bidhaa, si katoni yako hasa. Msafirishaji hayumo kabisa! Mimi ningeweka faharasa ndogo ya pamoja: namba, anwani ya seva ya EPCIS (inayotunza matukio ya bidhaa, yaani ilipita wapi na lini), muda ilipoonekana. Matukio yenyewe kila mmoja abaki nayo kwake, maana hakuna mfanyabiashara atakayekubali kuanika stoo yake.