Uliza Ujibiwe: Ngome za Pwani na Majumba ya Mawe

Nawapeleka wanafunzi wa sekondari Fort Jesus, Mombasa. Safari iliyopita walipiga picha, wakatoka bila kujua walichokiona. Tuanzie wapi?
*Mwalimu wa historia, Voi*

Mwalimu, anzeni nje. Kabla ya kukata tiketi, wapeleke upande wa nchi kavu, kwenye ukingo wa handaki, watazame juu. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Siku hizo mizinga ilikuwa imeshawatia hofu wote waliotegemea kuta ndefu zilizonyooka. Kwa hiyo pembeni zikachomozwa buruji, yaani sehemu nene za ngome zinazotokeza nje ya ukuta, zenye kona kali. Askari aliye juu ya buruji moja huuona uso wa ukuta wote hadi buruji ya pili, na adui akifika chini ya ukuta hana pa kujibanza. Mtake mwanafunzi mmoja atafute mahali pa kujificha chini ya ukuta, wenzake wakae mbali wakimwelekeza. Hapo ramani itawaingia vizuri kuliko maelezo ya darasani. Waonyeshe pia sehemu ya chini: pale si mawe ya kupangwa, ni mwamba wa tumbawe wenyewe uliochongwa, na ujenzi wa mawe na chokaa umepandishwa juu yake.

Ndani, msikimbilie makumbusho. Nendeni kwanza kwenye michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno: meli, watu, samaki, makanisa. Watoto huielewa upesi kwa sababu inafanana na michoro ya mtu aliyechoka kungoja. Baadaye panda Nyumba ya Waomani juu ya buruji ya San Felipe, kisha mmalizie ukumbi wenye vitu vilivyoopolewa kutoka *Santo António de Tanná*, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Ilizama wakati Waomani wamewazingira Wareno ndani ya ngome, mazingiwa yaliyoanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698. Mkieleza mazingiwa hayo, msiishie kwenye mizinga. Njaa na maradhi ndivyo vilivyowamaliza wengi waliokuwamo. Wakumbusheni pia kwamba tangu 1895 hadi 1958 hii ilikuwa jela ya Waingereza, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Bila kujua habari ya jela, vyumba kadhaa vya ndani havieleweki.

Tengeni muda wa saa tatu nzima, na muwe mmeingia mapema asubuhi. Uwanja wa katikati hauna kivuli cha kutosha, na kufikia saa sita mawe huwa yanachoma. Tumeni barua ya shule kabla ya safari. Viingilio vya wanafunzi na vya raia ni tofauti na vya wageni, na asiye na kitambulisho huishia kubishana mlangoni huku saa zinakwenda.

Nimezoea ngome za huku Oman zenye minara ya mviringo. Nikija likizo, nitatambuaje ipi ni ya Waomani, ipi ya Wareno, ipi ya Wajerumani?
*Msomaji, Muscat*

Ndugu yetu, tazama kona kwanza. Kona kali iliyochomoza kama ncha ya mkuki ni kazi ya Kizungu ya zama za mizinga, na Fort Jesus ndiyo mfano wake. Mnara wa mviringo ni kazi uliyoizoea. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17, ina minara hiyo na meno juu ya kuta, nayo ilisimamishwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Gereza la Kilwa Kisiwani, ambalo ni ngome licha ya jina lake, lina hesabu ya kupendeza zaidi: minara miwili tu, kwenye kona zinazotazamana kimshazari. Kila mnara hulinda kuta mbili, basi miwili imetosha kwa kuta zote nne. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505 na kuihama 1512, lakini sehemu kubwa ya jengo unaloliona leo ni ya Waomani.

Wajerumani walijenga maboma ya utawala. Boma la Bagamoyo la 1897 lina meno juu ya ukuta kama ngome, lakini chini yake kuna veranda pana na madirisha makubwa. Nyumba inayojiandaa kupigwa mizinga haifungui madirisha namna hiyo. Yale meno yalikuwa ya kutisha raia.

Tahadhari moja: ngome hizi zilibadilisha mikono mara nyingi, na kila aliyeingia alijenga kidogo, akaziba kidogo. Usiuhukumu ukuta mzima kwa kona moja.

Nitafikaje Kilwa Kisiwani kutoka Dar bila kampuni ya utalii?
*Msomaji, Temeke*

Panda basi la Kilwa Masoko. Ukikosa, panda la Lindi au Mtwara, ushuke Nangurukuru na kuchukua gari dogo hadi Masoko. Lala hapo. Asubuhi pitia kwanza ofisi inayosimamia magofu, ulipe kibali na upewe mwongoza wageni. Anayekimbilia bandarini bila kibali hurudishwa. Chombo hupatikana bandarini Masoko, na bei mpatane kabla ya kupanda: ya kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kukusubiri.

Vaa viatu vinavyovumilia maji, kwa sababu bahari ikiwa imekupwa utatembea kwenye tope. Beba maji ya kunywa. Gereza liko karibu na unaposhukia, kisha Msikiti Mkuu. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, liko mbali kidogo upande wa mashariki. Wengi huliacha kwa uchovu, na hilo ni kosa. Epuka masika. Usipande juu ya kuta, mawe yake yameachia. Kisiwa kina wakazi, basi vaa kwa heshima na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Nyumba yetu ya urithi Mji Mkongwe tunaifanya ya wageni. Fundi alipiga lipu ya saruji. Miaka miwili haijatimia, inabanduka vipande vizima na ukuta nyuma yake ni unga. Tatizo ni mchanga?
*Msomaji, Unguja*

Tatizo ni saruji. Ukuta wa mawe ya tumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kwa kupumua. Saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani na chumvi yake, chumvi huganda nyuma ya lipu, husukuma, na jiwe husagika. Ukipiga saruji nyingine unaongeza maradhi.

Kabla ya yote, pata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kisha bandua saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine inayotikisa ukuta. Acha ukuta ukauke, ukiufagia kila chumvi nyeupe inapotokea. Changanya chokaa ya rojo iliyozimwa na kulala majini miezi mitatu hivi, sehemu 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Nyunyizia ukuta maji, piga tabaka nyembamba isiyozidi sentimita 1, iache ishike kabla ya kuongeza nyingine. Tundika magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, maana chokaa ikikauka ghafla hupasuka. Maliza kwa chokaa nyepesi ya kupaka, mikono kadhaa. Rangi ya plastiki huziba kama saruji.

Na fundi akikushauri utoe boriti za mikoko umwage zege, mkatalie. Vyumba vyembamba vya nyumba hizi vilipimwa kwa urefu wa boriti, na kuta zake hazikujengwa kubeba uzito wa zege. Boriti iliyooza ncha zake ukutani badilisha hiyo hiyo moja, na uchunguze maji yaliyoiozesha yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la bafu jipya la mgeni ghorofani.