Jibu: Lori la babu lenye A kubwa mbele

Habari ndugu. Unatafuta kampuni aliyoendeshea babu yako kaskazini mwa Uingereza, na kwenye picha ya miaka ya 1950 unaona A kubwa tu ndani ya duara. Hiyo A ni ya kiwanda kilichotengeneza lori, Atkinson wa Preston, si ya kampuni iliyolimiliki, usihangaike nayo.

Mimi huanza na namba ya usajili ya lori. Katika herufi zake tatu tazama mbili za mwisho: CK au RN ni Preston, HH ni Carlisle. Ila hapo utajua liliposajiliwa tu, si mwenye mali.

Halafu ikuze picha mlangoni, wengi waliandika jina na mji hapo. Ukikuta British Road Services, shirika la serikali la uchukuzi wa malori, kazi ipo: kuanzia 1948 serikali ilitaifisha kampuni nyingi za masafa marefu, majina ya zamani yakafunikwa kwa rangi.