Mbwa akikula sumu ya panya, usingoje aanze kuumwa

Mi Simba wangu alikula sumu ya panya mwaka jana, hapa Goma, Ndosho, jirani alikuwa ameichanganya na sambaza, vile visamaki vya ziwa, akaiweka nyuma ya tanki ya maji, sasa mbwa gani atapita sambaza aziache? Nilimkuta analamba kasahani, vipunje vyekundu viko kwenye sharubu. Kila mtu kwenye parseli akawa docta, mpe maziwa, mpe mawese, mpe maji ya chumvi. Nikampa maziwa na mawese. Kesho yake akakula, akabwekea motari wa pikipiki kama kawaida, nikasema tumepona.

Kumbe ile sumu haiui siku hiyo. Inazuia vitamini K isifanye kazi, bila hiyo damu haigandi, ila mwili unakuwa bado na akiba ya vitu vya kugandisha damu, ndo maana siku tatu hadi tano unaona mbwa mzima kabisa. Siku ya nne Simba akakataa fufu, ufizi mweupe kama karatasi, maji kwenye bakuli yakabaki na damu. Veterineri akamvuta damu kidogo, akaitia kwenye kachupa ka kioo, tukakaa tunangoja igande. Wapi!

Basi ukiona amekula mpeleke saa hiyo hiyo, ndani ya masaa mawili hivi docta bado anaweza kumtapisha. Wewe usimtapishe na chumvi, chumvi yenyewe inaweza kumuua. Beba sashe ya ile sumu hata kama imechanika, rangi haikuambii ni sumu gani. Ikiwa imeandikwa brodifakumu au bromadioloni, hizo ndo za kuzuia damu kuganda, dawa ni vitamini K1, na farmasi wakikupa K3 rudisha, haisaidii hapa. Ikiwa fosfidi ya zinki, usimpe chakula, kinaongeza asidi ya tumbo na hiyo asidi ndo inaigeuza gesi ya sumu, na akitapika harufu ya kitunguu saumu au samaki mbovu ondokeni hapo, inaumiza na watu. Akianza kutoa mate na kutetemeka mara moja, hiyo ni sumu nyingine tena, kimbia naye tu kwa docta.

Simba alimeza K1 wiki nne, pamoja na chakula chenye mafuta ndo inaingia vizuri (mawese yakapata kazi yake). Wiki ya pili alikuwa anaruka ukuta na mimi bei ya vidonge inaniuma, nikataka kuacha, docta akakataa, sumu inajificha kwenye ini muda mrefu. Siku mbili baada ya kidonge cha mwisho tukarudi, kachupa kale kale, simu ikaita nikatoka kidogo, narudi damu imeshaganda.