Tumkodi mgeni asimamie kundi letu la wafugaji?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Pongwe, Tanga, tangu enzi za simu ya mezani. Tuna kundi la WhatsApp la wafugaji, sasa tumefika watu 870, toka hapa mjini hadi Muheza na Korogwe. Wasimamizi tuko watatu na tumechoka. Usiku yanamiminika matangazo ya mikopo na kamari. Mwenzetu mmoja anauza mashudu, na tangazo la muuzaji mwingine likitokea halimalizi saa nzima, keshalifuta. Watu wameanza kutoka. Yupo kijana wa Dar es Salaam anayesimamia makundi kwa malipo. Si mfugaji na hatumjui sana. Tumpe? Aliyelifungua kundi ni mwanangu wa kwanza, siku hizi yuko Muscat.
Mama Mfugaji, Pongwe

JIBU: Shikamoo mama. Mpeni kazi, funguo msimpe haraka.

Kwa kisa chenu mgeni anafaa kuliko mwenyeji, kwa sababu moja kubwa: hana mashudu ya kuuza. Ila angalieni ujira wake unatoka mfuko gani. Mwenye mashudu akijitolea kumlipa, mtakuwa mmemwongezea mkono wa pili wa kufutia. Changeni wanachama wenyewe, hata kama ni kidogo kidogo, na mhasibu awe mtu mwingine kabisa.

Sasa funguo. Kwenye WhatsApp hakuna msimamizi mdogo na mkubwa. Ukishampa mtu usimamizi, papo hapo anaweza kufuta ujumbe wa yeyote, kuondoa wanachama, kubadili jina la kundi, na hata kukuvua wewe usimamizi na kukutoa nje. Asiyeweza kuondolewa ni mmoja tu, aliyelifungua kundi, maadamu hajatoka mwenyewe. Niliwahi kuitwa kunusuru kundi la watu waliosoma pamoja. Mwanzilishi alishatoka zamani kwa hasira za michango ya harusi, na msimamizi wa kukodi akawatoa wenzake wote usiku mmoja, asubuhi kundi linauza viwanja. Sikuwa na la kuwasaidia, walianza upya.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na huyo kijana, mpigie mwanao. Muulize: namba aliyofungulia kundi bado ina WhatsApp? Akaunti isiyotumika siku 120 kwa kawaida hufutwa, na ikifutwa kinga hiyo imekwenda nayo. Akisema ipo, aendelee kuifungua mara kwa mara, na aweke uthibitisho wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Akisema alishaiacha, fungueni kundi jipya sasa hivi mngali mnaelewana. Lifungulieni kwenye laini maalumu ya kundi, ikae kwenye simu ambayo haitembei, na namba ya siri waijue watu wawili wasio wa nyumba moja. Kuhamisha watu 870 ni kazi ya wiki mbili tatu, na baadhi mtawapoteza njiani. Nafasi mnayo, kundi moja hubeba hadi watu 1,024.

Telegram ni tofauti. Kule unamchagulia msimamizi madaraka moja moja: afute ujumbe, asiweze kuteua wasimamizi wengine. Tena kuna kumbukumbu ya yale wasimamizi waliyofanya ndani ya saa 48 zilizopita, kwa hiyo anayefuta kimyakimya anaonekana. Kwa ufundi ningewaambia hamieni huko. Lakini nawajua wafugaji wetu, na kundi zuri lisilo na watu halina faida. Bakini mlipo.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yenu iwe hivi: mwezi wa kwanza aingie kama mwanachama wa kawaida. Akiona tangazo la kamari amwarifu mmoja wenu, nyie ndio mfute. Mkiridhika naye mpeni usimamizi, kwa makubaliano yaliyoandikwa hata ukurasa mmoja: anafuta nini bila kuuliza, nini lazima aulize, analipwa lini, na akiondoka anaacha nini. Washeni pia ile idhini ya kuingia, ili anayekuja kwa kiungo asubiri kukubaliwa. Hiyo peke yake itapunguza nusu ya kero zenu za usiku, nadhani.

Suala la namba za simu msimtwishe yeye peke yake, kwani kwenye WhatsApp kila mwanachama anaziona. Hata hivyo andikeni kwamba haruhusiwi kuzikusanya wala kuziuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi, mama, ni ng'ombe. Mgeni ataijua lugha ya matusi, ugonjwa hataujua. Mtu akiandika kwa adabu zote, "Hiyo ni ndigana kali, mchome OTC na maziwa endelea kuuza," kijana wa Dar ataona ujumbe safi wa mtu msaidizi. Wewe utashika kichwa. Ndigana kali ni ugonjwa unaoletwa na kupe, OTC ni antibiotiki: dawa huenda siyo, na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa dawa hayauzwi mpaka siku zake ziishe. Kisha mtu mwingine ataweka picha ya kiwele kilichovimba akiomba msaada, nayo itafutwa kama picha chafu! Kwa hiyo mambo ya tiba yawe chini ya mwenyeji, na mkimpata afisa mifugo wa kata akakubali kuchungulia mara moja kwa siku, mmepata.

Na mwenye mashudu? Avuliwe usimamizi siku ileile mgeni anapopewa, mbele ya watu wote, matangazo ya chakula cha mifugo yapangiwe siku yake, Jumamosi kwa mfano, naye atangaze siku hiyo pamoja na wenzake. Asipokubali, hakuna mgeni atakayewaponya.

Kabla ya kumlipa kijana hata senti, mtumie jumbe kumi za zamani za kundi lenu akuambie angefuta zipi. Changanya na ile picha ya kiwele. Akikuuliza, "Mama, hii ni nini?" mchukue.