Ada hazilipwi na kampuni inataka kugharamia mkutano wote, mwenyekiti mpya aanzie wapi?

SWALI: Nimechaguliwa juzi juzi kuwa mwenyekiti wa chama cha wakusanya kodi na waweka hazina wa manispaa. Wanachama wengi hawalipi ada, pande hizi mbili zikikutana ni lawama tu, halafu kampuni inayouza mfumo wa mapato imejitolea kulipia mkutano mkuu wote. Nianze na lipi, na hiyo ofa tuichukue?

JIBU: Hongera sana mwenyekiti, na pole pia, manake kuongoza watu ambao kutwa wanahesabu hela za umma sio kazi ndogo, hao hawapitwi na kitu.

Mi ningeanza na ada, ila sio kwa kutuma barua za vitisho. Angalia kwanza ankara zenu zinatoka mwezi gani. Vyama vingi vinatuma baada ya mkutano mkuu au pale katibu anapokumbuka, na wakati huo bajeti ya manispaa ilishapitishwa zamani na ada ya chama haimo, sasa mweka hazina ailipe kutoka kifungu gani? Hawezi kulipa kitu kisicho na kifungu, na akihamisha hela kimya kimya atakuja kujibu hoja ya mkaguzi, kwa hiyo ankara inalala kwenye droo na nyie mnamwandika mdaiwa sugu. Tuma makadirio ya ada kabla manispaa hazijaanza kuandaa bajeti, onyesha kiasi, mwaka wa fedha, na gharama za mafunzo ziandike kando na ada maana mara nyingi zinatoka kifungu kingine. Kama kuna wanaolipa mfukoni mwao, hao waruhusu walipe kidogo kidogo. Ukishafanya hivyo ndo utajua nani kweli hataki kulipa na nani alikuwa hana namna.

Sasa hizo lawama. Sehemu nyingine kazi zote mbili anafanya mtu mmoja, lakini pale zilipotenganishwa zimetenganishwa kwa sababu ya msingi, anayepokea hela asiwe yeye tena anayethibitisha kuwa zimefika benki, kwa hiyo kuulizana maswali ni sehemu ya kazi yenyewe na usijaribu kuiua. Shida ni pale wanapoulizana bila kuwa na karatasi mbele yao. Chukua mfano ambao kila mmoja wao ameuona: mtu analipa kodi ya jengo benki siku ya mwisho ya mwezi, hajaandika namba ya kumbukumbu. Mweka hazina anaona hela imeingia ila hajui ya nani, anaiweka kwenye akaunti ya muda. Mkusanya kodi kwenye rejista yake anaona huyo bado anadaiwa, muda ukipita mfumo unampiga penalti, halafu inatoka notisi, na yule mtu anatokea kaunta amefura na karatasi yake ya benki mkononi. Mmoja atasema mwenzake amekalia hela, mwingine atasema rejista ni mbovu, na kumbe hakuna hata mmoja aliyepewa jukumu la kuisafisha ile akaunti ya muda.

Kwa hiyo kikao chako cha kwanza cha mafunzo kiwe juu ya hilo tu, hela zisizojulikana mwenyewe. Kila ofisi ije na orodha yake, majina ya walipa kodi yafutwe, zipangwe kwa umri kuanzia ya zamani zaidi. Kaeni mezani wachanganyike, mkubaliane orodha inatoka benki kwenda kwa nani na kila baada ya muda gani, nani anafuatilia, nani ana mamlaka ya kufuta penalti iliyopigwa kimakosa, na kwa sheria mnayofanyia kazi tarehe ya malipo ni ile ya benki au ile ya kuingizwa kwenye mfumo. Mtoke na ukurasa mmoja wa utaratibu ambao mtu kutoka manispaa ndogo, ambaye hana hata mwenzake wa kumuuliza ofisini, anaweza kwenda nao kesho yake akautumia. Mi naamini hiyo ndo kazi ya chama. Chama cha maofisa fedha wa serikali cha Marekani, GFOA, kilichoanza 1906, sehemu kubwa ya heshima yake inatokana na miongozo mifupi ya namna hiyo pamoja na cheti cha ubora wa taarifa za fedha ambacho kinatolewa tangu 1945.

Ofa ya ile kampuni usiichukue kama ilivyo. Wanachama wako ndo watakaoandika mahitaji ya mfumo na wengine watakaa kwenye tathmini ya zabuni, wakishalala hoteli na kula kwa hela ya mzabuni mmoja, hata kama zabuni itaenda sawa hakuna mzabuni mwingine atakayeamini. Badala yake tangaza viwango vya udhamini kwa kampuni na benki zote, bei moja kwa nafasi moja, mkataba upitishwe na kamati tendaji, hela iingie akaunti ya chama na isilipie chumba wala nauli ya mwanachama yeyote. Wapeni meza ya maonyesho, ila mada za mafunzo mpange wenyewe, maana ukimpa muuzaji saa nzima jukwaani atauza tu, ndo kazi yake. Ikibidi mkutano uwe wa siku moja kwenye ukumbi wa manispaa, sawa tu.

Kabla hujawajibu, fungua vitabu vya chama chenyewe. Nani anasaini, na taarifa ya benki inasomwa na nani? Ikiwa anayesaini ndo huyo huyo anayelinganisha vitabu na benki, rekebisha wiki hii, weka sahihi mbili na mtu wa tatu asiyesaini awe anapokea taarifa moja kwa moja kutoka benki. Wanachama wako wataliulizia hilo mkutanoni kabla hata hujamaliza salamu.